Pierre Curie na jiwe jeupe tunalotupa Namoya

Mwenye kufika Namoya, katika teritware yetu ya Kabambare, anaona kwanza mawe meupe. Yako kando ya njia, yako mbele ya nyumba, yako katika marundo karibu na mashimo. Wachimbaji wanayatoa chini ya udongo kwa jasho, wamama wanayavunja kwa nyundo, kiisha yanasagwa na kuoshwa, na kama siku ni nzuri kunabaki unga kidogo wa zahabu chini ya karai. Jiwe lenyewe, ambalo njo lilikuwa nyumba ya ile zahabu, linatupwa. Sijasikia bado mnunuzi hata mmoja akiuliza bei yake.

Jiwe hilo linaitwa kwarzi. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunachukua vipande viwili usiku, tunavisugua gizani kwa nguvu, na mwanga hafifu unatokea ndani yake pamoja na harufu kama ya kitu kilichoungua. Wakubwa walitukataza, walisema tunacheza na mambo tusiyoyajua. Walikuwa na haki kidogo.

Leo katika ukurasa huu tunasimulia maisha ya mtu aliyecheza na jiwe hilo hilo, mbali sana na hapa, na mchezo wake ukaleta mambo ambayo yametufikia hata sisi wa Maniema. Wengi wanamjua kama mume wa Marie Curie, yule mama wa radiamu. Ni kweli, alikuwa mume wake. Lakini kabla ya radiamu, kabla ya ndoa, Pierre Curie alikuwa kijana wa kwarzi.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, Eugène Curie, alikuwa daktari asiye na mali nyingi. Alikuwa na kaka yake mkubwa, Jacques. Pierre hakuenda shule hata siku moja alipokuwa mtoto. Si juu ya kukosa karo. Wazazi waliona akili yake haikimbii kutoka jambo moja hadi lingine. Ikishika kitu kimoja inakaa palepale mpaka imalize. Shule ya wakati ule ingemhesabu kuwa mpumbavu. Basi alifundishwa nyumbani na baba, na mama, na kaka, alitembea porini kuangalia majani na vyura, na alipofika miaka 14 akapewa mwalimu wa hesabu. Miaka 16 alipata diploma ya mwisho wa sekondari. Miaka 18 alikuwa na lisansi ya fizikia. Hakukuwa na feza za kuendelea na udaktari, kwa hiyo katika 1878 alichukua kazi ya kutayarisha vyombo vya majaribio pale Sorbonne. Jacques naye alifanya kazi katika maabara ya mawe, chini ya profesa Charles Friedel. Ndugu wawili, mmoja wa fizikia, mwingine wa mawe. Jioni walikuwa pamoja.

Sasa tuingie ndani ya jiwe, juu bila hiyo hatutaelewa walitafuta nini.

Kwarzi imeundwa na vitu viwili tu, silikoni na oksijeni. Fikiria mafiga matatu na chungu juu yake. Moto ulio katikati njo silikoni. Mafiga matatu na chungu njo oksijeni nne zinazouzunguka. Kila oksijeni inatumiwa na meko mawili jirani, kwa hiyo meko yote yameshikana. Lakini hayajapangwa sawa vile matofali ya ukuta. Yanapanda huku yanazunguka, kama kamba ya maharagi inavyopanda mti wake, ao sawa meno ya visi. Ukihesabu meko matatu ukiyafuata, umemaliza mzunguko mmoja na uko tena juu ya lile la kwanza. Halafu unaanza mzunguko mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa jiwe.

Maharagi yanajizungusha siku zote upande mmoja. Kwarzi iko tofauti: kuna jiwe ambalo msokoto wake unaelekea kuume, na kuna lingine linaelekea kushoto. Ni sawa viatu viwili vya mtu mmoja. Vinafanana kabisa lakini hauwezi kuvaa cha kushoto mguu wa kuume.

Pierre na Jacques hawakuwahi kuona msokoto huo. Katika wakati wao hakuna aliyeweza kuona atomi zimepangwa namna gani. Lakini alama zilikuwepo. Katika 1811 Mfaransa Arago alipitisha mwanga wa aina fulani ndani ya kwarzi, akaona mwanga unatoka umegeuzwa, kama vile jiwe limeushika na kuuzungusha. Mwenzake Biot aliona kuna mawe yanayougeuza upande huu na mengine upande ule. Kiisha Mwingereza John Herschel akaonyesha kwamba unaweza kujua upande kwa kuangalia tu nje: kwarzi iliyokomaa vizuri ina vijisura vidogo pembeni, vinaelekea kuume ao kushoto. Fresnel alikwisha kukisia kwamba ndani mna kitu kama ngazi ya kuzunguka. Hiyo yote watoto wa daktari Curie waliikuta imeandikwa vitabuni.

Friedel alikuwa anachunguza mawe ambayo yakipashwa moto yanatoa umeme kidogo. Ndugu wawili wakajiuliza: kama moto unafanya hivyo, labda ni kwa sababu unabadilisha kipimo cha jiwe, unalitanua. Basi tukilikandamiza tu, bila moto, je? Na wakaongeza swali ambalo njo lilikuwa la akili zaidi: ni mawe gani yatakubali, na ni mawe gani yatakataa?

Walichagua kwa kufikiri, hawakubahatisha. Chukua jiwe ambalo kila upande wake una mwenzake wa kinyume, sawa sawa kabisa, kupitia katikati. Ukilikandamiza, kila atomi inayosogea huku ina mwenzake anayesogea kule, na umeme wao unafutana. Hakuna kitu kinachobaki. Lakini jiwe lililosokotwa kama visi halina huo mwenzake wa kinyume. Ukilibana, silikoni zinasogea kidogo, oksijeni zinasogea kidogo namna nyingine, na hakuna wa kufuta. Upande mmoja wa jiwe unakuwa na umeme chanya na upande mwingine hasi.

Vyombo vyao vilikuwa vya maskini. Walikata vipande vyembamba vya jiwe, wakaviweka kati ya karatasi mbili za bati (bati la kweli, chuma kile kile kinachotoka katika kasiterite ya Kalima na Punia), wakabana, na waya ukapeleka habari kwenye kipimo cha umeme. Katika 1880 walitangaza matokeo. Kwarzi ilitoa umeme. Turmalini pia, topazi pia, hata sukari ya miwa iliyoganda vizuri. Pierre alikuwa na miaka 21.

Jambo moja katika majaribio hayo linanipendeza zaidi ya mengine. Kwarzi ikikandamizwa kutoka juu, kufuata urefu wa ule msokoto, haitoi kitu. Kimya. Lazima uikamate kwa ubavu, upande fulani tu, njo inasema. Kwa hiyo anayetaka umeme wake lazima ajue kwanza jiwe limesimama namna gani ndani, kabla ya kulikata. Mtu anayepasua ovyo atapata changarawe. Walimu wanaliita jambo hilo pizoelektrisiti, maana yake umeme wa kukandamizwa.

Mwaka uliofuata profesa Lippmann alisema kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwepo: ukitia umeme katika jiwe, jiwe lenyewe litajinyoosha ao kujikunja. Ndugu wawili wakarudi mezani, wakapima, wakaona ni kweli. Kujinyoosha kwenyewe ni kudogo mno, jicho haliwezi kukuona. Kiisha wakatengeneza mizani ya ajabu: kipande chembamba cha kwarzi kimetundikwa, unakivuta kwa uzito mdogo, nacho kinatoa kiasi cha umeme ambacho unakijua barabara. Wakati ule haikuonekana faida yake. Tajiri gani angenunua?

Katika 1883 Jacques alipata kazi ya kufundisha Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na ushirika wao ukaisha. Pierre alikuwa amekwisha kuingia katika shule mpya ya fizikia na kemia ya mji wa Paris kama mkubwa wa maabara. Alikaa hapo miaka 22. Mshahara wake ulikuwa kama wa mfanyakazi wa kiwanda, na maabara yake mwenyewe hakuwa nayo. Majaribio mengi aliyafanya kwenye ukumbi wa kupitia, kati ya ngazi na darasa. Alipoambiwa aombe cheo alikataa kuomba. Alipopendekezwa nishani, akakataa pia. Wengine wataita hiyo kiburi. Mimi naona ni mtu aliyeona aibu kujisifu, na aibu hiyo ilimgharimu, juu wakubwa wa Ufaransa walichelewa sana kumwona wakati Lord Kelvin wa Uingereza alikwisha kuja kumtembelea kuona mizani yake.

Hapo, katika ukumbi ule, aliandika pia wazo lake kubwa juu ya ulinganifu, katika 1894. Kwa kifupi alieleza kwamba tukio halizaliwi mahali ambapo kila kitu kiko sawa pande zote. Lazima kuwe na upungufu fulani wa usawa ili jambo litokee. Kijana wa kwarzi hakuwa ameisahau kwarzi. Mwaka uliofuata alimaliza udaktari wake juu ya sumaku, akionyesha jinsi chuma kinavyopoteza usumaku kikifikia joto fulani. Alikuwa na miaka 35, baba yake alikuwepo kusikiliza, na pia mwanafunzi mmoja kutoka Poland, Maria Sklodowska.

Walioana tarehe 26 Julai 1895. Hakukuwa na karamu kubwa. Feza waliyopewa walinunua baiskeli mbili, wakaenda kuzunguka vijijini.

Mwisho wa 1897, baada ya kuzaliwa mtoto wao wa kwanza, Irène, Marie alichagua somo la udaktari wake: ile miali ambayo Henri Becquerel alikuta inatoka katika uraniamu. Miali hiyo inafanya hewa ipitishe umeme, lakini umeme kidogo mno, vyombo vya kawaida havikuuweza. Nani alikuwa na chombo cha kupima kitu kidogo namna hiyo? Bwana yake. Ile mizani ya kwarzi, iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila kazi kubwa, ikatolewa. Marie alikaa mbele yake na saa mkononi, anaweka uzito polepole, kwarzi inatoa umeme, mpaka ule wa kwarzi unafuta ule wa miali na sindano ya mwanga inasimama. Kwa njia hiyo alipata hesabu, si kukisia tu. Aliona kuna mawe ya uraniamu yanayotoa miali mingi kuliko uraniamu yenyewe. Kwa hiyo ndani mna kitu kingine. Pierre aliacha kazi zake, akaja kusaidia. Katika Julai 1898 walitangaza poloniamu, na Desemba radiamu.

Hadisi ya ile nyumba yenye bati lililovuja, na tani za mawe waliyopika kwa miaka, wengi wameisikia, siiongezi. Nitasema tu kwamba hawakuweka hati ya kujimilikisha njia ya kutoa radiamu. Kila aliyeuliza alielezwa bure. Katika 1903 Kamati ya Nobel ilikuwa na mpango wa kumpa tuzo Becquerel na Pierre tu. Pierre alipopata fununu aliandika barua kudai kwamba bibi yake asiachwe, na Marie akaingizwa.

Mwili wake ulikuwa umeanza kuharibika. Alikuwa amejifunga radiamu mkononi kwa makusudi, akaandika siku kwa siku namna ngozi ilivyoungua na kidonda kilivyochukua majuma mengi kupona. Miguu ilimuuma usiku, vidole vilikakamaa. Hawakujua, ao hawakutaka kukubali, kwamba kitu walichokipenda kinawala. Alipofika Stockholm katika Juni 1905 kutoa hotuba yake, aliuliza mbele ya watu kama binadamu amekomaa vya kutosha kushika siri hizi, maana radiamu mikononi mwa waovu ingekuwa hatari kubwa. Lakini akamaliza kwa kusema kwamba yeye anaamini mema yatazidi mabaya.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya Alhamisi, mvua ilikuwa inanyesha Paris. Alikuwa anavuka barabara ya Dauphine, mwavuli mkononi, nyuma ya gari moja. Gari lingine la farasi, limejaa mizigo, likatokea. Aliteleza. Gurudumu la nyuma lilipita kichwani. Miaka 46. Marie alichukua nafasi yake ya kufundisha Sorbonne, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Hakuona hata moja kati ya mambo yaliyofuata. Katika 1915 uraniamu ilionekana Shinkolobwe, Katanga. Mwaka wa 1921 Mbelgiji Alfred Schoep aliandika juu ya jiwe jipya lililotoka huko, la rangi ya machungwa, akaliita kurite kwa heshima ya Pierre. Kwa hiyo jina la mtu huyu limo katika jiwe la Kongo. Kwa miaka mingi radiamu ya dunia ilitoka huko zaidi ya mahali pengine popote. Kiisha ikaja vita, na uraniamu ya Shinkolobwe ikaingia katika mabomu ya Amerika, Agosti 1945. Swali la Stockholm lilipata jibu lake la kwanza kwa udongo wetu. Kama mema yamezidi mabaya, mimi siwezi kumhesabia.

Na msokoto? Huo ulionekana kwa macho ya miali ya eksirei, ambayo kuanzia 1912 iliwapa wataalamu njia ya kupiga picha ya mpango wa atomi. Katika 1925 William Bragg na R. E. Gibbs walieleza kwarzi, na ngazi ya kuzunguka ilikuwepo, kama Fresnel alivyokisia miaka 100 mbele. Ikaonekana pia si kwarzi peke yake. Seleniamu ya kijivu, ambayo ni elementi tupu bila mchanganyiko, imepangwa kwa nyuzi nyuzi, kila uzi umejisokota, atomi tatu kwa kila mzunguko. Teluriamu vilevile. Na lile jiwe jekundu linaloitwa sinabari ni minyororo ya zebaki na salfa, zebaki na salfa, imesokotwa kama kamba. Ni kutoka katika jiwe hilo njo dunia ilipata zebaki tangu zamani, ile ambayo wachimbaji wengine wa zahabu wanakamatisha unga wao, na ambayo ni sumu.

Kazi ya kwarzi yenyewe iliendelea. Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre, alitumia vipande vya kwarzi wakati wa vita vya kwanza kutuma sauti chini ya bahari na kusikia mwangwi wa manowari za adui. Mashini ya ekografi inayoonyesha mtoto tumboni ni mjukuu wa kazi hiyo, hata kama leo kinachopiga sauti ni udongo uliotengenezwa kiwandani, hauna kwarzi tena. Saa ya mkononi ya bei ndogo ina kipande cha kwarzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Ukigawanya hesabu hiyo kwa mbili mara 15, unapata moja, njo sekunde. Na redio: umeme unaingia katika kwarzi, kwarzi inatikisika kwa mwendo wake usiobadilika, na mwendo huo unaishika emeta mahali pake. Bila huo tungekuwa tunatangatanga hewani, leo hapa kesho juu ya jirani.

Kwarzi ya viwandani siku hizi inapandwa, inakuzwa ndani ya mitungi ya chuma yenye joto. Mawe yetu ya Namoya mengi yamepasuka, si ya kukata saa. Nasema hivyo mapema, juu najua kuna atakayesoma na kuanza kukusanya gunia.

Lakini kuna neno moja kwa wamama wanaopiga mawe hayo. Unga wa kwarzi ukiingia kifuani hautoki. Ni mgumu, mapafu hayawezi kuumeng'enya, yanajifunga makovu kuuzunguka, na pumzi inapungua mwaka kwa mwaka. Ugonjwa huo unafanana na kifua kikuu, mara nyingi unachanganywa nacho, na hauna dawa ya kuuponya. Kulowesha jiwe maji mbele ya kulipiga kunashusha vumbi sana. Kitambaa puani ni kitu kidogo, hakitoshi. Mtoto asikae karibu.

Mwaka mmoja emeta tuliyokuwa tunatumia ilikataa kukaa mahali pake. Wasikilizaji wa upande wa mto Luama walikuwa wanatupata, kiisha wanatupoteza. Fundi alifungua, akachomoa kijisanduku cha chuma kidogo kama punje ya maharagi, akasema kwarzi imekufa, akaweka nyingine. Ile ya zamani nilimuomba. Niliikata kwa msumeno kuona: ndani mna kijisahani chembamba, cheupe, kinapitisha mwanga, na waya mbili ubavuni.